Mtihani wa rubani haujibiwi kwa fotokopi: pigeni hesabu za Luano

Bwana Mhariri,

Vijana wa Lubumbashi wanaojiandaa kwa leseni ya rubani binafsi wanapitishiana kwenye simu fotokopi za maswali na majibu ya mtihani wa mdomo. Karatasi hizo hazisemi uongo. Ubaya wake ni kwamba ziliandikwa kwa viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari, tena kaskazini mwa ikweta. Luano, uwanja wetu wa ndege, iko futi 4,295 juu ya bahari, yaani mita 1,309, na sisi tuko nyuzi 11 na nusu kusini. Jibu lililo sahihi Florida laweza kuwa kosa hapa, na mtahini anayeijua kazi yake atakuuliza swali la pili, lile ambalo fotokopi haina. Sisi tunaofundisha urubani tunaomba nafasi katika gazeti lako tuonyeshe mahali ambapo wanafunzi wengi huanguka, na jinsi ya kujiandaa kwa namba za ndege yako mwenyewe na za uwanja wako mwenyewe.

Masharti ya kuingia tutayapitia haraka. Kiambatisho cha 1 cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinataka uwe na miaka 17, cheti cha afya cha daraja la 2, na saa 40 za kuruka, au 35 kama ulifuata kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake kuwe na saa 10 za kuruka peke yako, na katika hizo 10, saa 5 za safari ya kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Safari moja iwe ya kilomita 270 au zaidi, ukitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Soma na kanuni za Mamlaka ya Anga ya nchi, maana ndizo zitakazoshikwa mezani. Kisha chukua kitabu chako cha saa, ujumlishe kila safu upya kwa kalkuleta, ukurasa kwa ukurasa. Kosa la dakika 20 katika ukurasa wa tatu hutembea hadi ukurasa wa mwisho, na mtahini hawezi kuanza mtihani wa mtu ambaye saa zake hazikubaliani. Ni aibu kurudishwa nyumbani kwa sababu ya kujumlisha.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mtahini atakupa taarifa ya hali ya hewa na kukuambia: twende Kolwezi, mji ulio magharibi mwetu. Chukueni mfano huu wa zoezi, wa mchana wa Novemba:

FZQA 121300Z 09008KT 9999 SCT040 29/19 Q1017

Wanafunzi wengi husoma mstari huo kwa sauti kama aya ya dini, kila alama na maana yake, kisha wananyamaza. Mtahini hakuomba usomewe. Anataka kujua siku hiyo inaifanyia nini ndege yako. FZQA ni Luano. Tarehe 12, saa 1300 za UTC (saa ya kimataifa ya marubani), kwetu ni 15:00, kwa hiyo hilo ndilo joto kali la siku. Upepo unatoka mashariki kwa noti 8 (noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa). Pisti ya Luano, njia ya kurukia na kutulia, ni 07 na 25, yaani nyuzi 70 upande mmoja na 250 upande wa pili, basi utaruka kwa 07, upepo ukikujia mbele kidogo kutoka kulia: noti 7 na nusu za mbele, karibu 3 za ubavuni. Kumbuka kwamba upepo wa taarifa iliyoandikwa hupimwa kwa kaskazini halisi, wakati namba ya pisti, na upepo unaopewa na mnara kwa redio, hufuata dira.

Halafu kimo. Mgandamizo wa kawaida ni 1013, leo ni 1017. Kila hektopaskali ni kama futi 30, kwa hiyo nne ni futi 120, na kwa kuwa mgandamizo uko juu ya kawaida unaziondoa: 4,295 toa 120, unapata 4,175. Hicho ni kimo cha mgandamizo. Joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, nalo hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo kwenye 4,175 lingetakiwa kuwa karibu 7. Leo ni 29. Tofauti ni nyuzi 22. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama futi 120, kwa hiyo 22 mara 120 ni 2,640. Jumlisha na 4,175: kama futi 6,800. Hicho ni kimo cha msongamano wa hewa, na ndicho mabawa, propela na injini vinachokijua. Magurudumu yako Luano, lakini ndege inajiona iko mlimani, mita 2,000 na zaidi. Asubuhi ya Juni, joto likiwa nyuzi 7 na mgandamizo uleule, hesabu hiyohiyo inarudi karibu futi 4,200. Ndege ni ileile, pisti ni ileile, lakini mashine ni mbili.

Usiishie kwenye 6,800. Endelea bila kuulizwa. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Cessna 172S, ndege ndogo ya viti vinne yenye nguvu farasi 180, hapo inabaki na 145 hivi. Hapo mwanafunzi hudakia: “Lakini pisti ya Luano ina mita 3,200, hofu ya nini?” Ni kweli, kukimbia chini hakutakusumbua Luano. Kutakusumbua kupanda baada ya kuacha ardhi, na kutakusumbua siku utakapokwenda uwanja wa udongo wa misheni au wa mgodi. Fungua jedwali la kuruka katika kitabu cha ndege, weka kidole kwenye mstari wa kimo cha mgandamizo na safu ya joto, usome umbali, kisha usome maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali. Ndiyo hayo watu wasiyoyasoma. Katika 172S yanasema: punguza asilimia 10 kwa kila noti 9 za upepo wa mbele, ongeza asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, mwisho noti 10, kwenye nyasi kavu ongeza asilimia 15 ya umbali wa kukimbia chini. Linganisheni wenyewe hizo 9 na 2. Upepo mdogo wa nyuma unakula kuliko unavyolipa upepo mkubwa wa mbele. Mtahini akisikia umelitambua hilo peke yako, mazungumzo yenu yanabadilika.

Mchanganyiko wa mafuta na hewa ni dada wa hesabu hiyo. Wanafunzi waliojifunzia pwani wamezoea kusukuma mkono mwekundu, unaopanga mchanganyiko huo, hadi mwisho kabla ya kuruka. Kitabu cha 172S kinasema kwamba kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000 unapunguza mafuta hadi upate mizunguko ya injini iliyo juu kabisa ukiwa umefungua gesi yote (nguvu yote ya injini). Luano imeshapita 3,000. Ukiacha mafuta mengi, mishumaa ya injini (plagi) inapata masizi tangu unapotambaa kwenda pistini, na ukifika kupima magneto (vyombo viwili vinavyotoa cheche za kuwasha mafuta) kwenye mizunguko 1,800 unaona imeshuka kupita 150, au tofauti kati ya magneto ya kushoto na ya kulia imepita 50, na injini inatetemeka. Mwanafunzi anasema ndege ni mbovu. Pengine si mbovu: punguza mafuta, ongeza mizunguko kwa muda mfupi mishumaa ijiunguze, pima tena. Isipopona, rudi. Kuamua kurudi siku ya mtihani hakukuangushi, na watahini wengi huliandika kama alama nzuri.

Turudi kwenye Kolwezi, maana mtego mkubwa wa taarifa ile bado haujategwa. SCT040 ni mawingu yaliyotawanyika, tako lake futi 4,000. Juu ya nini? Juu ya uwanja. Kwa usawa wa bahari ni futi 8,295. (Joto 29 na umande 19 zinathibitisha: tofauti ya 10, kila nyuzi futi 400, ni 4,000.) Mwanafunzi aliyekariri anakumbuka kanuni: ukielekea magharibi, kimo cha namba shufwa ya maelfu na 500 juu yake, basi nitapanda 8,500. Ameingia wingu kwa kinywa chake mwenyewe. Sheria inataka ukae mita 1,500 kando ya wingu na futi 1,000 juu au chini yake, uone kilomita 5 mbele. Kimo kinachofaa ni 6,500: uko futi 1,800 chini ya tako la wingu, futi 2,200 juu ya Luano, na kwa kuwa Kolwezi iko karibu futi 5,000, unabaki na 1,500 tu juu ya ardhi ya huko. Ukiongeza kusema kwamba kanuni hiyo ya vimo, iitwayo ya nusu duara, inakubana unapokuwa zaidi ya futi 3,000 kutoka ardhini, na kwamba 6,500 huku kwetu haijafika hapo ingawa umeitii, umejibu kama rubani.

Kuna namba nyingine ya 3,000 inayowaponza watu. Katika anga isiyoongozwa, kanuni ya ICAO inaruhusu kuruka nje ya wingu tu huku ukiiona ardhi, ukiwa futi 3,000 au chini yake kutoka usawa wa bahari, au futi 1,000 au chini yake kutoka ardhini, kwa kile kilicho juu zaidi. Fotokopi zinabeba nusu ya kwanza tu. Katanga yetu, futi 3,000 kutoka bahari ziko chini ya udongo, ndani ya shaba. Kwetu inahesabika ile ya 1,000 kutoka ardhini.

Mafuta ya safari: Luano hadi Kolwezi ni kama maili 129 za baharini, kilomita 238 hivi. Kwa noti 110 bila upepo ni dakika 70. Upepo wa mashariki ukikusukuma kwa noti 15 unafika kwa dakika 62, na mwanafunzi anazidisha mara mbili: 124. Lakini kurudi, noti 15 hizohizo zinakukaa usoni, unabaki na 95, na njia inakula dakika 81. Jumla 143. Dakika 19 zimepotea katika kuzidisha, na akiba ya mchana ni dakika 30 tu. Kwa injini inayokunywa lita 34 kwa saa, hizo ni karibu lita 11 ambazo hukuziweka. Na avgasi, petroli ya ndege ndogo, haipatikani kila uwanja, kwa hiyo usitegemee kuongeza huko uendako mpaka umepiga simu na kuhakikishiwa.

Uzito nao upigwe kwa watu halisi. Muulize mtahini kilo zake siku moja kabla, hatakasirika. Tuseme ndege tupu ina kilo 770 (soma ya kwako kwenye karatasi yake, usichukue hii), mtahini 90, wewe 75, mkoba 8, mafuta yote yanayotumika lita 200, na lita moja ina uzito wa kilo 0.72, basi 144. Jumla 1,087, na mwisho wa 172S ni 1,157. Vizuri. Kisha mtahini anasema: kuna abiria wa kilo 80 nyuma. Unafika 1,167. Umezidi kilo 10. Jibu analolitaka ni moja: toa lita 14 za mafuta, kisha upige upya hesabu ya kitovu cha uzito, kisha useme zile lita 14 zimekuondolea dakika ngapi hewani (kama 25). Anayesema “kilo 10 si kitu” amemaliza mtihani.

Na swali hili linaloulizwa karibu kila mara: kwa nini mwendo wa kupita kwenye hewa yenye misukosuko hushuka ndege ikiwa nyepesi? Katika 172S ni noti 105 kwa kilo 1,157, lakini 90 kwa kilo 862. Watu wanazijua namba na hawajui sababu. Fikirini lori lililojaa mifuko ya saruji na lori tupu kwenye barabara ya mashimo. Lililojaa linatikisika, tupu linarukaruka. Pigo la upepo ni lilelile, lakini ndege nyepesi inarushwa kwa nguvu zaidi kulingana na uzito wake, na viungo vyake, kama vile vinavyoshika injini, vinabeba mzigo huo. Ukipunguza mwendo, bawa linaacha kubeba kabla halijavunjika.

Hapa tuseme jambo tunaloliamini kwa moyo wote. Mtihani wetu huendeshwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi anakariri kwa Kifaransa. Jizoezeni kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mtu asiyejua lolote kuhusu ndege: mama, shangazi, fundi wa baiskeli. Kama huwezi kumweleza mama kwa Kiswahili kwa nini ndege nyepesi ipunguze mwendo, basi Kifaransa chako ni mkanda wa kaseti, na mtahini akibonyeza katikati utanyamaza. Akikuelewa mama, kukitafsiri kwa mtahini ni kazi ya jioni moja.

Dira. Vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa kaskazini mwa dunia. Huko, ukigeuka kuelekea kaskazini unanyoosha mabawa kabla dira haijafika, na kuelekea kusini unaipitisha kidogo. Kwetu ni kinyume: kaskazini ipitishe, kusini simama kabla. Ukielekea mashariki au magharibi na kuongeza mwendo, dira ya huko inaonyesha kama unageuka kaskazini. Ya kwetu inaonyesha kusini. Goma na Bukavu, ingawa ziko karibu na ikweta, ziko upande wetu huuhuu, kwa sababu ikweta ya sumaku barani Afrika inapita mbali kaskazini. Vivyo hivyo upepo kuzunguka eneo la mgandamizo mdogo: kaskazini huzunguka kinyume cha mishale ya saa, kwetu hufuata mishale ya saa. Chora picha mbili kwenye karatasi moja, uzibandike ukutani.

Barafu ya kabureta. Jibu la “Afrika hakuna barafu” limewaangusha wengi wanaorusha Cessna 152 au 172 za zamani. Hewa inapobanwa kwenye koo la kabureta na mafuta yanapogeuka mvuke, joto humo ndani linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Siku ya nyuzi 29 yenye umande wa 19, ukiwa umepunguza gesi ili ushuke, hiyo inatosha. Dalili yake kwenye propela isiyobadilika pembe ni mizunguko kupungua polepole bila mkono wako kusogea. Vuta joto la kabureta lote, sio nusu. Injini itakohoa zaidi kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa inameza maji ya barafu iliyoyeyuka. Hapo ndipo mwanafunzi anaogopa na kulirudisha, na barafu inabaki. Acha lifanye kazi hadi mizunguko ipande. Injini ya 172S haina kabureta, inapuliziwa mafuta, kwa hiyo jua kwanza una injini gani kabla hujajibu.

Ukaguzi wa nje ya ndege mtahini huutazama kwa macho, hausikilizi. Simameni kidogo kwenye kikombe cha mafuta. 172S ina vitobo 13 vya kuchukulia sampuli, vitano kila bawa na vitatu chini ya tumbo la ndege, na vyote vinapitiwa. Inua kikombe kwenye mwanga. Avgasi ya 100LL ina rangi ya buluu hafifu. Maji hukaa chini, kama shanga inayoteleza. Hatari kubwa ni pale kikombe chote kinapokuwa maji: hakuna shanga, hakuna mstari wa kugawanya, kila kitu ni cheupe na safi, na mwanafunzi anasema “safi” na kuendelea. Tafuta rangi ya buluu kwanza, ndipo utafute shanga. Kwetu mafuta mara nyingi hutoka kwenye fusti, pipa la chuma. Fusti iliyosimamishwa nje hukusanya mvua juu ya kifuniko chake; mchana inapanuka na kutoa hewa, usiku inapoa na kunyonya, na maji ya kifunikoni yanaingia hata kama skrubu imekazwa. Ilazwe, vifuniko viwili vikiwa usawa wa saa tatu na saa tisa. Ukishuku kwamba kuna mafuta ya jeti yamechanganyika, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgasi hukauka na kupotea, jeti huacha doa la mafuta. Kisha tazama mdomo wa bomba la kipima mwendo. Nyigu wa Lubumbashi hujaza udongo humo kwa mchana mmoja kama kifuniko hakikuwekwa.

Hewani hakuna mengi ya kueleza, ni ya kufanya. Viwango vya Marekani vilivyochapishwa ni kipimo kizuri hata kwa asiyefanya mtihani wa Marekani: mgeuko wa kulaza ndege nyuzi 45, kimo kisipotee wala kuzidi futi 100, mwendo noti 10, na unyooke kwenye uelekeo ulioanzia kwa nyuzi 10. Kwa nyuzi 45 uzito wa ndege unakuwa mara 1.41 na mwendo ambao bawa linaacha kubeba unapanda asilimia 19. Kutoka noti 48 unafika 57. Wanaopoteza kimo ni wale wanaokodolea macho vipimo. Tazama pua dhidi ya upeo wa macho, ongeza gesi kidogo ukipita nyuzi 30 za kulala, vuta usukani, rudisha macho nje.

Injini “ikizimwa” na mtahini, weka mwendo wa kuelea kwanza, noti 68 katika 172S iliyojaa, kabla ya kugusa kitu kingine. Kutoka futi 2,200 juu ya ardhi una kama kilomita 6, bila upepo. Chagua mahali. Na hapa Katanga ina mtego wake: uwanda unaoonekana wazi na kijani kutoka juu umejaa vichuguu, mita kadhaa kwenda juu na upana wa nyumba, vimefunikwa na nyasi zilezile. Vitambue kwa kivuli chake asubuhi au jioni, na kwa kichaka kidogo kilichosimama peke yake katikati ya nyasi, maana miti hupenda kuota juu ya kichuguu. Shamba lililolimwa kwa mistari iliyonyooka ni bora. Barabara ya Likasi huvutia, lakini ina malori ya madini usiku na mchana, na nyaya za umeme zinazoikatiza hazionekani. Tafuta nguzo, usitafute waya. Ukishachagua, usibadilishe ukiwa chini ya futi 500. Ndipo uje kwenye swichi ya mafuta, mchanganyiko, joto la kabureta, magneto.

Kutua mchana wa joto ndiko kunakohitaji mazoezi mengi kuliko yote. Kipima mwendo kinasema 65, lakini kwa kimo cha msongamano cha 6,800 unapita hewani kwa noti 72. Ardhi inakukimbilia, macho yanakuambia uko kasi mno, na mkono unavuta usukani kupunguza. Usivute. Bawa linataka 65 ya kipimo, Luano kama pwani. Utakimbia chini zaidi ya moja ya tano kupita vile ungekimbia usawa wa bahari, jiandae kwa hilo. Na kama unaghairi kutua: gesi yote, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) kutoka nyuzi 30 hadi 20 mara moja, subiri mwendo, nyingine polepole. Mchanganyiko ubaki pale ulipoupanga kwa kimo cha Luano. Anayesukuma mkono mwekundu hadi mwisho kwa mazoea ya pwani anajinyima nguvu katika dakika anayoihitaji kuliko zote.

Baada ya ndege kubwa ya abiria kuruka, sisi wadogo tunasubiri dakika 2, ili misukosuko ya hewa inayoiacha nyuma itulie. Ukiombwa kuanzia katikati ya pisti ili usitambae mbali, ni dakika 3. Mnara ukikuruhusu kabla, una haki ya kusema hapana kwa redio, na mtahini atakuwa anasikiliza.

Ombeni mtihani uanze mara jua linapochomoza. Hewa ni nzito na tulivu, injini ina nguvu zake, na maswali ya mdomo yakichukua saa mbili bado mtaruka kabla joto halijapanda na mawingu ya Novemba hayajaanza kujenga. Wazazi wanaolipa kwa saa wasiwasukume watoto kuruka alasiri ili mambo yaishe siku hiyohiyo. Mtahini akikuangusha kwenye zoezi moja, muulize aandike ni lipi hasa na kipimo gani kilizidi, kisha chukueni karatasi hiyo kwa mwalimu wako kesho yake, kabla hujasahau mkono wako ulikuwa wapi.

Wenu,
Wakufunzi wawili wa urubani,
Lubumbashi